Itaendelea: riwaya za kusoma usiku wa ukungu

Hotuba hii niliitoa Jumamosi iliyopita mbele ya kikundi chetu cha wasomaji wa Kiswahili, hapa London mashariki. Wengine mlikwamishwa na treni, wengine mliogopa baridi, nawajua. Nimeiandika kama nilivyoisema. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha; hazikuwa nzuri hata hivyo.

Paukwa!

(Pakawa!)

Aa, hiyo ni sauti ya watu waliokunywa chai bila sukari. Paukwa!

(PAKAWA!)

Haya. Wazee wangu, shikamooni. Wenzangu, habari za jioni. Na nyinyi watoto mliokuja kwa ajili ya sambusa, sambusa zipo, zinakuja mwisho.

Bibi yangu, kule Tanga, hakuwahi kusimulia hadithi mchana. Ukimwomba mchana anakwambia utaota mkia. Tulikuwa tunapapasa migongo yetu kweli. Hadithi ilikuwa kitu cha usiku, na si usiku wowote: usiku mzuri kabisa ulikuwa ule wa vuli, mvua inapiga bati, umeme umekatika, chemli imewashwa na utambi umeshushwa kwa sababu mafuta ya taa ni ghali. Uso wa bibi unauona nusu. Nusu ya pili unaisikia tu.

Kamusi zinatufundisha kwamba msimu huu wa majani kupukutika nao uitwe vuli. Zamani neno hilo lilinikera. Vuli gani hii? Vuli yangu mimi ni mvua ndogo za Oktoba mpaka Desemba, ni harufu ya udongo na kumbikumbi wanaoanguka kwenye beseni la maji. Huku ni majani ya rangi ya kutu yanayoteleza chini ya kiatu ukiwahi basi. Lakini tazameni kalenda. Miezi ni ile ile. Kule mvua inatufungia ndani, huku giza linatufungia ndani. Jumapili ya mwisho ya Oktoba saa zitarudishwa nyuma, na kesho yake kabla ya saa kumi na moja jioni utalitafuta jua hulioni. Sasa, mtu aliyefungiwa ndani na giza afanye nini? Ahesabu bili za gesi?

Asome. Na mimi leo nimekuja kuwaambia asome nini.

Nimeulizwa mara nyingi: dada, wewe unafanya kazi ya usiku kwenye nyumba ya wazee, korido ndefu, taa hafifu, kengele zinalia zenyewe, halafu unakaa na riwaya za kutisha? Ndiyo. Nakaa nazo. Na nimegundua jambo moja katika miaka hiyo ya zamu za usiku. Vitabu vyenye damu nyingi havinitishi. Maiti kumi na mbili, visu, mapanga, nasoma huku nakula biskuti. Kinachonifanya nigeuke kuangalia mlango ni kitabu ambacho hakuna kilichotokea bado. Bado! Hofu yote iko kwenye hilo neno. Mwandishi hodari anakupa mahali, anakuweka hapo peke yako, kisha anakungojesha.

Tuanze na mahali.

Kusini magharibi ya Uingereza, katika wilaya ya Devon, kuna nyika inaitwa Dartmoor. Msifikirie nyika yetu ya twiga na migunga. Hii ni nyika ya nyasi fupi, upepo, vilima vyenye vichwa vya mawe ya matale, na vinamasi. Katikati yake kuna kimji kinaitwa Princetown, na katika kimji hicho kuna gereza la mawe meusi lililojengwa zama za vita vya Napoleon. Mwaka 1901 mwandishi Arthur Conan Doyle alifika hapo na rafiki yake, mwandishi wa magazeti aitwaye Bertram Fletcher Robinson. Robinson ndiye aliyemtia Doyle sikioni hadithi za kale za jibwa la kizimwi linalotembea nyikani. Wakakaa hotelini, wakazunguka nyikani, wakatazama vinamasi vinavyoweza kumeza farasi. Na kochimani, mwendesha gari la farasi, wa nyumbani kwa akina Robinson, sikilizeni vizuri, aliitwa Harry Baskerville.

Mmeshajua nazungumzia kitabu gani. The Hound of the Baskervilles, yaani jibwa la akina Baskerville, kilianza kutoka vipande vipande katika jarida la The Strand Agosti 1901, kikaisha Aprili 1902. Miezi tisa, mimba nzima. Na kumbukeni kwamba Sherlock Holmes, mpelelezi wa hadithi zake, alikuwa maiti! Doyle alikwisha kumuua Desemba 1893, kwa sababu alimchoka. Wasomaji walikuwa na kiu ya miaka minane.

Sasa niwaulize. Ukiwa na mpelelezi anayependwa kuliko wote duniani, na umemrudisha baada ya miaka minane, utamfanya nini? Mimi ningemweka kila ukurasa. Doyle akamwondoa! Holmes anasema ana shughuli London, anamtuma rafiki yake Dakta Watson peke yake kule nyikani, na kurasa kwa kurasa hatumwoni. Tumebaki na Watson, mtu mwema, mkweli, asiye mwepesi sana wa akili. Yaani tumebaki na mtu kama sisi. Mwenye taa kaondoka na taa yake. Mfungwa katoroka gerezani na yuko huko nje mahali fulani. Usiku mwanamke analia ndani ya nyumba, asubuhi mumewe anakana. Na ni Oktoba, miezi hii hii yetu, ukungu unapanda.

Ukungu ule haukuwekwa kwa pambo. Kuna sehemu karibu na mwisho ambapo Holmes mwenyewe, mtu asiyetishwa na jambazi wala sumu, anatazama ukungu ukitambaa kuelekea njiani na kukiri kwamba hicho ndicho kitu pekee kinachoweza kuharibu mpango wake. Si bunduki. Ukungu! Sitasema zaidi, nitapigwa na wasiokisoma.

Mimi nilikwenda Dartmoor. Msinicheke. Nilikwenda na mwenzangu wa kazini, Novemba, kwa gari lake. Tukaacha gari kando ya barabara tukatembea hatua mia mbili hivi kuelekea jiwe kubwa tupige picha. Picha ya kwanza jiwe linaonekana. Picha ya pili jiwe halipo. Ukungu ulikuja kama mtu anayevuta shuka. Nikamwita mwenzangu, akajibu, lakini sauti ilitoka upande ambao sikumwacha. Tukasimama. Halafu nyuma yangu mtu akakohoa. Kikohozi kizito, cha mzee mvuta tumbaku. Nilisoma kila dua niliyofundishwa chuoni na nyingine nilitunga hapo hapo.

Alikuwa kondoo. Nani aliwahi kuniambia kondoo wanakohoa kama watu? Hakuna.

Lakini zile sekunde kabla sijamwona kondoo, wazee wangu, zile sekunde ndizo riwaya yenyewe. Baada ya hapo ni kondoo tu.

Na hapo nimefika kwenye kungoja.

Nilipokuwa na miaka kumi au kumi na moja, mama mmoja mtaani kwetu alikuwa anauza vitumbua asubuhi, anavifunga kwenye kurasa za magazeti ya zamani. Siku moja nikafungua vitumbua vyangu, nikakuta ukurasa wa hadithi ya mfululizo. Mafuta yamelowesha nusu ya herufi. Kijana ameingia nyumba ya mjomba wake aliyekufa. Usiku, mvua. Ameshika taa ya chemli. Ndani ya chumba kilichofungwa kwa kufuli miaka saba anasikia mtu anafagia. Anasikia fagio, shwaa, shwaa. Anatoa ufunguo, anausokota, mlango unafunguka, ananyanyua taa, na... Itaendelea.

Itaendelea!

Nilirudi kwa yule mama kila asubuhi. Nilikula vitumbua mpaka nikavichukia. Nilipata ukurasa wa matokeo ya mpira, nikapata tangazo la sabuni, nikapata barua za wasomaji. Ukurasa ule uliofuata sikuupata. Mpaka leo, na umri huu, sijui nani alikuwa anafagia.

Wilkie Collins angenielewa. Huyu bwana alisomea sheria, akahitimu uwakili mwaka 1851, na hakuifanya kazi hiyo. Badala yake akaandika The Woman in White, na mwandishi mwenzake Charles Dickens akaitoa wiki kwa wiki katika jarida lake kuanzia Novemba 1859 mpaka Agosti 1860. Hebu pigeni hesabu. Ilianza majani yakiwa yameshapukutika, ikapita baridi yote, ikaisha watu wamevua makoti. Kila wiki, itaendelea. London ilirukwa na akili. Yaliuzwa manukato yenye jina la kitabu, kofia zenye jina la kitabu, muziki wa kucheza wenye jina la kitabu.

Na kinaanzaje? Mwalimu wa kuchora anarudi London kwa miguu usiku kutoka Hampstead. Mbalamwezi. Barabara tupu. Amefika njia panda, anawaza mambo yake. Mkono unamgusa begani, taratibu, kutoka nyuma.

Basi. Hajapigwa, hajakabwa. Ameguswa. Anageuka, na katikati ya barabara amesimama mwanamke aliyevaa nguo nyeupe kuanzia juu mpaka chini, anamuuliza kama hii ndiyo njia ya kwenda London.

Mtu wa pwani akisoma hapo anajua la kufanya: usijibu, na tazama miguu kama ni ya mtu au kwato! Sisi tumelelewa hivyo. Lakini Collins ni mjanja. Yeye hataki jini. Anataka uone kwamba yaliyompata mwanamke yule yalifanywa na watu wenye nyumba nzuri, wenye sahihi nzuri, wenye daktari wa kuwaandikia karatasi. Na kwa kuwa alisomea sheria, akaisimulia hadithi kama kesi mahakamani: kila shahidi anasema alichokiona yeye tu, kisha anakaa. Hakuna anayejua yote. Wewe msomaji ndiye hakimu, na ushahidi unakujia kwa matone. Kirefu, ndiyo. Katikati kuna sehemu zinazolegea, sitawaficha. Vumilieni, kuna mtu mnene mmoja wa Kitaliano humo, mpenda keki na panya weupe, ambaye mkikutana naye hamtamsahau.

Cha tatu ndicho ninachokipenda kuliko vyote, na mnisamehe nikikaa hapa kidogo.

Mwaka 1938 mwandishi Daphne du Maurier alitoa Rebecca. Kila mtu anayekisoma anafikiri kiliandikwa kando ya moto, mvua inapiga dirisha la Cornwall, kule kule kusini magharibi ya Uingereza. Kumbe kilianziwa Misri! Mumewe alikuwa afisa wa jeshi, akapelekwa Alexandria, naye akamfuata. Joto. Jasho. Karamu za wake za maafisa ambazo hakuzipenda. Akaandika kurasa nyingi, hazikumridhisha, akazitupa kwenye kapu la takataka, akaanza upya. Na alichokuwa anakiandika, ndani ya joto lile, ni ukungu wa kwao. Ni bahari ya kwao, miti ya kwao, na nyumba moja.

Nyumba yenyewe ipo. Inaitwa Menabilly, karibu na mji wa Fowey, Cornwall. Aliiona tangu usichana wake, imefichwa na miti, imeachwa, madirisha yamefungwa. Hakuwa na haki nayo yoyote. Akaipenda tu, kama mtu anavyopenda mtu. Baada ya kitabu kumpatia fedha akaipanga mwaka 1943, akaishi humo zaidi ya miaka ishirini, na haikuwa yake hata siku moja. Wenyewe waliitaka, akatoka.

Sasa niambieni, nyinyi mlio hapa. Nani kati yenu hana nyumba kama hiyo? Nani hajawahi kuota yuko langoni kwao, njia imeota majani, anaita na hakuna anayefungua? Riwaya ile inaanza kwa ndoto hiyo hiyo: mwanamke anaota amerudi kwenye nyumba ambayo hawezi kurudi tena. Mimi nilisoma ukurasa wa kwanza zamu ya usiku, saa nane, nikafunga kitabu nikalia. Mzee mmoja wa chumba cha mwisho akabonyeza kengele kuniuliza kama niko salama. Yeye kaniuliza mimi!

Na hofu yake je? Hapa ndipo ninapowaambia kwamba sisi tunakielewa Rebecca kuliko Waingereza. Kwa sababu kinahusu nini? Kinahusu ukewenza! Binti mdogo, maskini, ambaye hata jina lake hatuambiwi kitabu kizima, anaolewa na tajiri mjane. Anaingia nyumba ya mke wa kwanza aliyekufa. Kila kitu ni cha marehemu. Leso zina herufi yake. Dawati lina mwandiko wake. Mbwa wanamngojea yeye. Na yuko msimamizi wa nyumba, Bi Danvers, aliyevaa nyeusi, ambaye chumba cha marehemu amekiacha kama kilivyokuwa, nguo ya kulalia imetandikwa kitandani.

Mke mwenza aliye hai unaweza kumjibu. Unaweza kumvalia kanga yenye maneno. Aliyekufa utamvalia kanga gani? Atakuwa mzuri siku zote, hazeeki, hakosei, hapiki wali ukaungua.

Kitabu kizima Rebecca hatokei. Hakuna mzimu, hakuna sauti ukutani. Na hakuna mtu katika kitabu kile aliye hai kuliko yeye. Hicho ndicho kipimo changu: mwandishi anayeweza kukutisha kwa mtu asiyekuwepo, huyo ni fundi.

Najua kuna mtu hapo nyuma anasema moyoni, dada huyu Mzungu kamwingia. Subiri basi! Nimefika nyumbani.

Makunduchi, kusini mwa Unguja, mwaka 1918 alizaliwa Muhammed Said Abdulla. Alifanya kazi ya ukaguzi wa afya, akawa mhariri wa magazeti. Hadithi yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda mashindano ya uandishi ya mwaka 1957 na 1958, ikachapishwa kitabu mwaka 1960. Humo ndimo alimozaliwa mpelelezi Bwana Msa, na kiko chake, na rafiki yake Najum.

Watu hupenda kusema Bwana Msa ni Sherlock Holmes aliyevishwa kanzu. Kiko kweli ni cha jamaa yule, sibishi. Lakini someni mahali. Mtu anakutwa amekufa penye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka ubani na nadhiri, mahali ambapo mtoto hapiti peke yake jioni. Hofu hiyo Abdulla hakuiazima kokote. Ilikuwa imesimama tayari, ana kazi ya kuielekeza tu. Na swali lake ni lile lile la Dartmoor: watu wanapokwisha kukubali kwamba muuaji ni mzimu, nani ananufaika? Kimya cha watu waoga ni shuka nzuri sana ya kujifunika. Mwaka 1968 akarudia na Kisima cha Giningi, na mtu wa Unguja au Pemba akisikia tu Giningi, mji wa wachawi, hahitaji kuelezwa kwa nini nywele zimesimama.

Baadaye riwaya zetu za upelelezi zilihamia mjini. Faraji Katalambulla alitupa Simu ya Kifo mwaka 1965, halafu wakaja kina Willy Gamba wa Elvis Musiba na Joram Kiango wa Ben Mtobwa: ndege, bastola, warembo wenye siri. Nilivisoma chini ya dawati darasani, nikapigwa kwa ajili yavyo, na sijutii. Lakini hivyo ni vitabu vya safari ya basi. Bastola ni adui wa ukungu. Ikishalia, kila mtu anajua adui yuko upande gani.

Mimi kiu yangu ni nyingine. Niko na magofu ya Gedi kichwani miaka mingi. Mnaijua Gedi, karibu na Malindi: mji mzima wa mawe ndani ya msitu, misikiti, kasri, visima, watu wakaondoka, na wanahistoria bado wanabishana kwa nini. James Kirkman, aliyeanza kuchimba pale mwaka 1948, msomi wa vitabu na sululu, aliandika kwamba mwanzoni alihisi kuna kitu kinamtazama nyuma ya kuta. Msomi! Sasa riwaya yangu ya Gedi iko wapi? Ya usiku wa vuli, kusi limekwisha kaskazi halijaingia, mlinzi mmoja na tochi yenye betri dhaifu? Vijana mnaoandika, mnaandika nini? Nangoja, na kama mlivyoona, mimi ni mtu wa kungoja.

Kuhusu namna ya kusoma sina mengi. Taa moja. Simu iache chumba kingine, si chini ya mto, chumba kingine. Na usisome sura zaidi ya mbili kwa usiku, hata ukitaka. Hasa ukitaka.

Hapo ndipo nilipomaliza, sambusa zikaletwa. Wakati wa maswali waliuliza kuhusu bei za vitabu na kama maktaba ya mtaa ina Bwana Msa. Kisha mzee mmoja wa nyuma, aliyekuwa kimya jioni nzima na kofia yake magotini, akanyanyua mkono.

"Mwanangu," akasema, "ile hadithi ya fagio. Naijua mimi. Niliisoma yote."

Ukumbi ukanyamaza. Hata watoto waliacha kutafuna. Mzee akavaa kofia taratibu, akatazama saa yake ya mkononi.

"Lakini treni yangu ni saa tatu na dakika kumi."